Mkia wa Nhana

Watu wakisimulia habari za Nhana, mnyama wetu wa Sola, husimulia kichwa tu. Pembe yake, macho yake, taya zake zinazofunguka na kufungika. Hakuna anayeuliza habari za mkia. Mkia ni mimi, Jilala, fundi wa kuchomelea, na hicho kichwa wanachokisifu nimekichomelea kwa mikono yangu. Kwa hiyo leo mtamsikiliza mkia.

Mke wangu ni Lukresia Ng'wana Masele. Baba yake, mzee Masele, alikuwa ningi, yaani kiongozi wa ngoma, yule anayetunga nyimbo na kuziita watu wakaitikia. Kikundi chake kiliitwa Bana Masele, na kuanzia Mwanhuzi hadi Bariadi hapakuwa na mtu mzima asiyewahi kupigwa na vumbi la majembe waliyochezea. Mzee alipofariki aliacha ngoma kubwa moja, jina moja na mtoto mmoja, na mtoto huyo ni mwanamke. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Aliyeyaanzisha ni Luhaga, mtoto wa baba mdogo wa Lukresia. Kwetu huyo ni kaka kabisa, si binamu. Ni mchezaji hodari, lazima niseme, ingawa inaniuma kusema. Mzee Masele alikuwa ametamka mbele ya wachezaji wake kwamba binti yake ndiye atakayeita nyimbo baada yake. Siku ya matanga, Luhaga akasema yeye hakusikia neno kama hilo. Waliokuwepo pia wakaanza kusahau mmoja baada ya mwingine, maana Luhaga alikuwa na sauti kubwa na wao walikuwa na aibu ya kuongozwa na mwanamke. Nusu ya wachezaji wakamfuata kwake huko Nyalikungu, naye akanunua chatu wa kuchezea.

Wazee wa ukoo wakaamua kwa njia ya zamani. Pamba ikishauzwa, vikundi vyote viwili vikutane Bariadi, vicheze kwa wakati mmoja, kimoja upande huu wa uwanja na kingine upande ule. Kwenye shindano la mbina, yaani ngoma zetu, hakuna alama za karatasi. Mtazamaji anakwenda anakopenda, na mwisho wa siku mwenye umati ndiye mshindi. Atakayeshinda achukue ngoma ya mzee na jina la Bana Masele, na atakayeshindwa asilitamke tena hadharani.

Lukresia alisema sawa. Lakini tangu siku hiyo nilimwona kila asubuhi akiipangusa ile ngoma kwa upande wa kanga, taratibu, kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Mimi nilikuwa na hasira. Yeye alikuwa na hofu, na hofu ya mtu jasiri inatisha kuiangalia.

"Luhaga ana chatu," aliniambia. "Mimi nina majembe. Watu wana majembe nyumbani kwao, hawatakuja Bariadi kuangalia jembe."

Ndipo nikakumbuka niliyoyaona Malampaka. Nilifanya kibarua cha kuchomelea kwenye kambi ya wajenzi wa reli, na Wachina wa pale walisherehekea mwaka wao mpya kwa ngoma. Watu wawili waliingia ndani ya simba mmoja wa nguo, mmoja akawa kichwa na mwingine akawa mgongo na mkia, na yule simba akaruka na kukonyeza. Mkalimani wao, dada mmoja aliyejua Kiswahili cha Dar kuliko mimi, alinieleza kwamba simba huyo ni mlinzi. Anafukuza balaa mlangoni.

Lukresia aliposikia aliacha kupepeta choroko. Wiki ile ile nikaanza kazi. Mifupa nikatengeneza kwa nondo nyembamba, manyoya tukaweka katani, mwili tukashona magunia. Kichwani akaingia Josia, jirani yetu mwenye kifua na pumzi, na nyuma nikaingia mimi, kwa sababu mwenye wazo siku zote hupewa sehemu mbaya.

Tukamjaribu simba wetu mnadani Sola, siku ya ng'ombe. Tulicheza vizuri. Watu wakaja mbio, na moyo wangu ukanenepa humo gizani kwenye magunia. Kisha nikasikia bibi mmoja akiita, "Yuko wapi aliyemuua?"

Alikuwa bibi Anyes, na mkononi alikuwa na jogoo. Na hapo nikajua tumekosea wapi. Huku kwetu mtu akiua simba anayekula mifugo, hupita akicheza nyumba kwa nyumba, na watu humtunza kwa kuwa amewaokoa ng'ombe wao. Watu wa mnadani hawakumwona mlinzi. Walimwona simba aliyekufa, na wakaanza kutafuta shujaa wa kumpa zawadi. Mmoja alileta jogoo, mwingine mbuzi, na mwingine akataka kujua kama nyama tumeizika.

Zawadi tungezirudisha kimyakimya yakaisha. Lakini habari ilifika kwa Ladislaus, afisa wa wanyamapori, Mhaya mpole asiye na papara. Alikuja na pikipiki, akaizima, akamzunguka simba mara mbili.

"Ngozi hii mna kibali chake?" aliuliza.

"Afande," nikamjibu kutoka nyuma, "huku kwangu ni magunia ya pumba."

Alivuta sharubu moja ya simba, ikatoka katani. Aliiangalia kwa muda, akaiweka mfukoni, akacheka mpaka akashika tangi la pikipiki. Mnada mzima ukacheka naye. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, lakini hawakusema atatunzwa kwa kosa gani.

Jioni ile Lukresia alikwenda mwenyewe kumrudishia bibi Anyes jogoo wake. Aliporudi alikaa kwenye kigoda akanyoosha miguu. Nilidhani atanilaumu.

"Simba wao analinda mlango," akasema. "Wetu ndiye anayefungiwa mlango. Mnyama wa watu huwezi kumwazima na kazi yake. Hukuona mwingine huko?"

Mwingine sikumwona akichezwa, nilimsikia. Yule dada mkalimani aliwahi kunionyesha kwenye simu yake sanamu ya mnyama wa zamani wa nchi zao, mwenye pembe moja tu. Alisema huko kale wafalme walimtumia kwenye mashauri. Watu wawili wakigombana, mnyama hasemi neno. Anawatazama wote wawili, kisha anampiga pembe yule anayesema uongo. Nilimweleza Lukresia kama kichekesho. Hakucheka.

"Huyo," alisema.

"Atalinda nini? Ng'ombe wana mbwa, nyumba ina ua wa minyaa."

"Mume wangu, wewe umeibiwa nini tangu tuoane? Kuku wawili. Mimi nimeibiwa neno la baba yangu, mchana, watu wakiwa wamekaa. Neno ndilo halina mlinzi hapa kwetu."

Nilijisikia fahari kwamba mwanamke huyu alikubali kuolewa na fundi mwenye nguo zenye matundu ya cheche.

Tukamtengeneza mnyama wetu, asiye wa Wachina wala wa porini. Shingo yake ndefu kidogo kama ya twiga, masikio ya ng'ombe yanayoning'inia, mkia wa nyumbu. Magamba tuliyakata kwenye madumu ya njano ya mafuta ya kula, mamia kwa mamia, wanawake wakayashona moja juu ya jingine kiasi kwamba akitikisika anavuma kama mvua kwenye bati. Ndevu zake ni pamba ya shamba letu, ikiwa na mbegu zake. Na pembe, jamani, ile pembe. Nilichukua bomba la moshi la pikipiki iliyokufa, nikaligonga likachongoka, nikalipaka chokaa, nikaliweka katikati ya paji. Mafundi wa Bariadi wamekuja kuuliza nimeunganishaje. Sijawaambia.

Lukresia akamwita Nhana. Kwa Kisukuma maana yake ni kweli.

Mazoezi tulifanyia uwanjani kwetu, na majirani wakaja kutazama. Siku moja tulikuwa tunapita mbele yao polepole, kwa adabu, siafu wakaniingia kwenye suruali. Niliruka. Nikamsukuma Josia, kichwa kikayumba, na pembe ikaenda kusimama mbele ya kifua cha mzee mmoja ambaye simtaji, maana ni mkwe wa watu. Josia alikuwa anahangaika tu kupata mizani. Lakini yule mzee alitazamana na macho ya Nhana, akanywea.

"Basi," akasema. "Ni mimi. Ng'ombe waliolisha kwenye ngitiri ya Joakim ni wangu."

Ngitiri ni malisho ambayo mtu huyafunga msimu wote wa mvua ili mifugo yake isife kiangazi. Kuyaingilia ni kosa kubwa, na Joakim alikuwa amelalamika mwaka mzima bila kujua amlaumu nani. Nilikuwa ndani ya gunia, siafu wakiendelea na kazi yao, na sikuweza hata kujikuna. Kesho yake habari ilikuwa Maswa mjini. Keshokutwa yake ilikuwa Bariadi: Ng'wana Masele ana mnyama anayejua siri za watu.

Tulifurahi. Tulikuwa wajinga.

Siku ya shindano uwanja wa Bariadi ulijaa. Walikuwepo watu wa Itilima, wa Meatu, wa Busega, walimu na manesi kutoka mikoa ya mbali waliokuja kupiga picha. Afisa utamaduni, mama Valeria, aliketi katikati na filimbi yake shingoni. Angeipuliza saa kumi na moja, na pale watu watakapokuwa wamesimama, ndipo ngoma ya mzee itakapokwenda.

Lukresia alitoka amevaa shanga za baba yake kifuani, akaita wimbo wa kwanza kwa sauti iliyonyooka. Majembe yakapaa. Kisha tukaingia sisi, magamba yakivuma, na umati wote ukageuka kutuangalia. Ulituangalia, ukaguna kwa mshangao, ukarudi nyuma hatua kadhaa.

Josia akasogea kuwafuata. Wakarudi zaidi. Niliwaona kwa kitundu changu cha pembeni: wanaume wazima wakijificha nyuma ya wake zao, wake wakitazama chini. Kila mtu alikuwa na ngitiri yake moyoni. Nani atasimama mstari wa mbele, pembe ije imchague mbele ya wakwe zake? Walitupenda kwa mbali, na kwa mbali huko ndiko alikokuwa Luhaga na chatu wake. Chatu hana habari na madhambi ya mtu. Umati ukaenda kwake taratibu, kama maji yanavyotafuta bonde.

Saa kumi ilipopita, upande wetu walibaki watoto na ndugu zetu. Nilihisi machozi humo ndani na sikuona haya, kwa kuwa mkia haonekani usoni. Kazi yangu nzuri kuliko zote ndiyo iliyokuwa inamnyang'anya mke wangu ngoma ya baba yake.

Lukresia akanyoosha mkono, ngoma yetu ikanyamaza. Akatembea. Hakutuambia anakwenda wapi, akakata uwanja moja kwa moja, na sisi na Nhana wetu tukamfuata nyuma tukivuma. Watu wa Luhaga wakampisha. Akasimama mbele ya kaka yake.

"Mwadila, kaka."

"Mwadila, dada. Umekuja kuona chatu?"

"Nimekuja kukuita. Baba alisema nani ataita nyimbo zake, na wewe ulikuwepo. Unasema hakusema. Basi mmoja wetu ni mwongo, na mnyama huyu kazi yake ndiyo hiyo."

Luhaga akacheka, akawageukia watu wacheke naye. "Mnyama huyu miguu ya nyuma ni ya shemeji Jilala. Ya mbele ni ya Josia wenu. Atampiga nani kama si mimi?"

"Umesema vizuri," Lukresia akamjibu. "Josia, toka."

Josia akatoka, jasho likimchuruzika. Lukresia akakishika kichwa cha Nhana kwa mikono miwili, akamwelekezea kaka yake.

"Ingia wewe. Tutakwenda kule kwangu, kwenye ngoma ya baba, nami nitasimama mbele yako. Kama mimi ndiye mwongo, nipige pembe Bariadi yote ione. Sitakwepa."

Mimi sikuwa nimeulizwa. Mkia hauulizwi.

Luhaga alitazama huku na huku. Akikataa, ataonekana ameogopa nguo na bomba la pikipiki. Na tena, namjua, yeye ni mchezaji, na mchezaji gani angeonyeshwa kichwa kama kile asitamani kukivaa? Watu wakaanza kusema, "Ingia, Luhaga, ingia." Akavua kofia yake akaingia. Lukresia akapita nyuma, akainamia gunia langu.

"Usimvute," akaninong'oneza. "Aende anakotaka."

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa. Mimi nilikuwa nguo moja naye, nimemshika kiuno mtu anayekwenda kumwangusha mke wangu. Tukatembea. Nyuma yetu nikasikia vishindo, na kwa kitundu changu nikaona sababu. Umati wote uliacha chatu. Hakuna aliyeogopa tena, maana safari hii pembe ilikuwa na kesi yake na wao walikuwa watazamaji tu. Walikuja wakikimbia, wakibeba watoto mabegani, wakapanga duara nene kuizunguka ngoma ya mzee Masele. Upande ule alibaki chatu na kijana aliyemshika, naye kijana alikuwa anachungulia kwetu.

"Shemeji," Luhaga aliniambia humo ndani, pumzi ikimpanda. "Kichwa hiki ni chepesi."

"Nimekitoboa pande zote," nikamjibu. "Tazama mbele."

Lukresia alisimama peke yake mbele ya ngoma, mikono chini. Luhaga akarudi nyuma hatua mbili, nami nikarudi naye. Kisha akaondoka mbio. Ningeweza kukaa chini pale pale na mnyama mzima angekaa. Sikukaa. Niliambiwa nisimvute, nikakimbia, pembe mbele, magamba yakilia, na wanawake wakapiga ukelele.

Lukresia hakukwepa. Akafungua kinywa akaita.

Aliita wimbo wa baba yake, ule wa kufungia ngoma. Tuliuimba kwa Kisukuma, nami nauandika hivi: *Ng'ombe wamerudi jioni, ni nani wa kuwafungulia?* Na lazima mjue jambo moja. Katika mbina, ningi huita na watu wake huitikia. Ningi haitikii wimbo wa ningi mwenzake hata siku moja. Atakaa amefunga mdomo, hata wimbo uwe mtamu vipi, kwa kuwa akiitikia amejiweka chini yake na watu wote wamesikia.

Lakini Luhaga alianza kuuitikia wimbo ule akiwa na meno ya utotoni. Alikuwa mbioni, hana pumzi, ndani ya giza, vumbi la baba mkubwa na la majembe yote ya maisha yake likimjaa puani. Miguu yake ikasimama hatua moja mbele ya dada yake. Na kifua chake, kutoka pale kiunoni nilipomshika, nikakisikia kikipanuka.

"*Ni wewe, mwenye zizi*," akaitikia.

Sauti ikatoka kwenye taya nilizochomelea mimi. Uwanja mzima uliisikia ikitoka kwenye kinywa cha Nhana. Bibi Anyes, aliyekuja kwa lori kutoka Sola, akapiga kigelegele, na vigelegele vikashika duara lote hadi mama Valeria akasahau filimbi yake.

Humo ndani Luhaga hakusogea. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akakiinua kichwa, akatoka nje, ndevu za pamba zimemganda shavuni. Angeweza kusema amekosea. Angeweza kusema ni mazoea ya mdomo.

"Nimeitikia," aliwaambia watu. "Na mzee alisema. Nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote."

Akainama amrudishie Josia kichwa, akiwa ameinamisha macho, na nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Lukresia akamshika mkono.

"Kaka, unakwenda wapi? Rudi kichwani. Wimbo una beti nne na nimeita mmoja."

Luhaga akavaa kichwa cha Nhana, akakikaza kidevuni, akatikisa magamba mpaka yakavuma, nami nikainama nikamshika shemeji yangu kiuno. Ningi wetu akaita.